Gari la Umeme Linalala Wapi?

Mhadhara uliotolewa mbele ya Waswahili waishio kaskazini mwa Marekani



Katikati ya Januari 2024 baridi ilishuka Chicago hadi kupita nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwenye vituo vya kuchajia vya Tesla, Oak Brook na Evergreen Park, magari yalipanga foleni kwa saa kadhaa. Mengine yaliishiwa chaji hapohapo kwenye foleni, brekdauni zikaja kuyavuta. Madereva walichomeka waya, wakasubiri, wakatazama namba kwenye kioo, namba ikakataa kupanda. Picha zile zilizunguka dunia, na waliokuwa wakingoja kwa hamu magari ya umeme yaumbuke walipata walichokitaka. Haya magari, walisema, ni ya California, hayaijui baridi.

Mwanzoni mwa mwezi uleule, huko Kautokeino, kaskazini kabisa mwa Norway, kipimajoto kilisoma nyuzi 43.5 chini ya sifuri. Norway ndiyo nchi iliyoyakumbatia magari ya umeme kuliko nchi nyingine yoyote: mwaka 2023, katika kila magari mapya 100 yaliyouzwa huko, 82 yalikuwa ya umeme mtupu. Watu wake waliendelea kwenda kazini. Basi upande wa pili nao ukapata jibu lake: mbona Norway?

Tangu hapo mjadala umesimama palepale, Chicago huku na Norway kule, kila mtu na picha yake mkononi. Mimi siuzi magari, wala sina hisa katika kampuni yoyote. Nimeombwa nizungumze kwa sababu mnaishi kwenye baridi hii, na si wachache kati yenu mnaokula kwa usukani. Nitasema mapema ninachokiamini, ili asiyekubaliana nami aanze kunoa maswali. Baridi kali inapunguza sana uwezo wa gari la umeme. Anayekana hilo ana gari la kuuza. Lakini kinachoamua kama utafika kazini au utaita brekdauni ni mahali gari lilipolala usiku uliotangulia.

Tuanze ndani ya betri. Betri ya lithi ina pande mbili, na katikati kuna kimiminika. Unapochaji, chembe za lithi zenye umeme, yaani ayoni, hutoka upande mmoja, hupita katika kimiminika kile, kisha huingia kwenye matabaka ya grafiti upande wa pili na kutulia humo. Unapoendesha, hurudi zilikotoka. Baridi hukifanya kimiminika kiwe kizito, na huchelewesha kuingia kwa ayoni kwenye grafiti. Mfikirieni abiria wa kivuko cha Likoni saa moja asubuhi, lango likiwa limefunguliwa nusu na watu wakizidi kusukuma kutoka nyuma: watarundikana langoni. Lithi nayo, ukiilazimisha kuingia katika betri iliyopoa sana, hurundikana juu ya grafiti na kugeuka metali tupu. Sehemu ya metali hiyo hairudi tena kazini, kwa hiyo uwezo wa betri hupungua kwa kudumu. Ikiota ncha kali, metali hiyo inaweza kutoboa utando unaozitenga pande mbili na kuleta shoti.

Kwa hiyo namba isiyopanda kwenye kioo mara nyingi si ubovu. Kompyuta ya gari imeukataa umeme kwa makusudi; kwanza inaipasha betri moto, kisha ndipo inafungua mlango taratibu. Watafiti wa maabara ya taifa ya Idaho waliwahi kuchunguza rekodi za teksi za Nissan Leaf zilizokuwa zikifanya kazi New York. Waligundua kwamba kwenye chaja ya haraka, kwa muda uleule, betri iliyokuwa kwenye nyuzi 0 ilipata chaji pungufu kwa asilimia 36 kuliko ile iliyokuwa kwenye nyuzi 25. Hiyo ni nyuzi 0 tu, ambayo hapa kwenu ni siku ya kufungua zipu ya koti.

Sasa tupige hesabu ambayo wanaobishana mara chache huipiga. Chukueni mfano wa kituo chenye chaja 10, kila gari likikaa nusu saa. Kwa saa moja kituo kinahudumia magari 20. Baridi inapofanya kila gari likae saa nzima, kituo kilekile kinahudumia magari 10. Mitambo ni ileile, mafundi ni walewale, lakini nusu ya kituo imeyeyuka. Wakati huohuo kila gari linatumia umeme mwingi zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo linarudi kituoni mapema kuliko kawaida. Wateja wameongezeka, kituo kimepungua, na yote mawili yametokea asubuhi moja. Halafu anayesubiri kwenye foleni hawezi kuzima hita, la sivyo ataganda, basi anakula chaji akiwa amesimama. Anayefika na asilimia 3 hana hata umeme wa kuipasha betri yake moto ili ikubali kuchajiwa. Foleni ya namna hiyo inajizidisha yenyewe. Pale Oak Brook kilichozidiwa kwanza kilikuwa kituo, magari yalifuata.

Nilisema kila kilomita inakula umeme zaidi. Hapa kuna jambo ambalo kwa kweli si kosa la betri. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme kwenye baridi ya nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, magari yalipoteza kwa wastani asilimia 12 ya masafa yake. Hita ilipowashwa yalipoteza asilimia 41. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya hasara ilikuwa joto la kumpasha dereva, na kemia ya betri ilikuwa na sehemu ndogo. Gari la petroli halina shida hiyo kwa sababu injini yake ni badhirifu: sehemu kubwa ya petroli unayonunua inageuka joto lisilosukuma tairi, na hita inachofanya ni kukusanya kidogo kati ya joto hilo lililokwisha kupotea. Miaka yote tumekuwa tukiota moto wa hasara yetu wenyewe na kuuona ni wa bure. Injini ya umeme haina hasara kubwa ya kukupashia miguu, kwa hiyo joto lako linatoka kwenye akiba ya safari.

Na hita hula kwa saa, haili kwa kilomita. Ninyi madereva wa mjini lishikeni hilo. Tuseme hita inatumia kilowati 4, yaani uniti 4 kwa saa, uniti zilezile za LUKU au za tokeni mnazozijua kutoka nyumbani. Ukiwa barabara kuu kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kila kilomita 100 hita imekula uniti 4. Ukiwa katikati ya mji, theluji imejaa, mwendo ni kilomita 20 kwa saa, kilomita hizohizo 100 zitakuchukua saa 5 na hita itakuwa imekula uniti 20. Hizo zinakaribia kulingana na umeme unaolisukuma gari lenyewe umbali huo. Ndiyo sababu muuzaji anayetaja kiwango kimoja cha upungufu bila kutaja mwendo hajakwambia kitu. Magari mengi ya sasa yana pampu ya joto, mtambo unaonyonya joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, nayo hupunguza sana gharama hiyo. Lakini kadiri hewa ya nje inavyokosa joto la kunyonywa, ndivyo pampu inavyochoka, na kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri faida yake huwa ndogo. Kiti chenye joto na usukani wenye joto hutumia umeme kidogo mno ukilinganisha na kupasha hewa ya gari zima. Wazee mliozoea kuvaa koti ndani ya gari mko mbele ya wakati wenu.

Wanorway wanalijua hili kwa kupima. Chama chao cha magari, NAF, huyatoa barabarani magari mengi kila majira ya baridi na kuyaendesha mpaka yaishiwe kabisa. Katika jaribio la mwaka 2020 magari 20 yalipoteza kwa wastani asilimia 18.5 ya masafa yaliyotangazwa na watengenezaji. Tofauti kati ya gari moja na jingine ilikuwa kubwa, na matokeo huchapishwa kwa jina la kila gari. Ningependa kuona nchi nyingine zinafanya hivyo. Mnunuzi wa Oslo anaingia dukani akijua gari lipi linaogopa baridi. Mnunuzi wa Minneapolis anapewa namba iliyopimwa kwenye hali ya hewa isiyo yake.

Tuhamie kwenye kutegemeka kwa gari, maana mjadala huu unachanganya mambo mawili: kuwaka na kufika. Kuhusu kuwaka, gari la umeme lina hoja nzuri. Injini ya petroli asubuhi ya baridi inahitaji betri ya kawaida, ile ya risasi na asidi, itoe nguvu maradufu wakati betri hiyo yenyewe imedhoofika: kwenye nyuzi 0 imepoteza kama thuluthi ya nguvu yake, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri zaidi ya nusu. Oili imekuwa nzito. Dizeli inaanza kutoa nta na kuziba chujio. Ndiyo sababu Winnipeg, Fairbanks na miji ya Ufini watu walikuwa wakichomeka magari yao ya petroli kwenye umeme miongo mingi kabla ya Tesla kuzaliwa: kuna hita ya injini, waya unatokeza puani mwa gari, na maegesho yana nguzo zenye soketi. Yakutsk, huko Siberia, wako wanaoliacha gari likiunguruma muda wote walipo kazini, au wanaolifunika blanketi nene kwa sababu wakilizima halitawaka tena. Nikimsikia mtu wa petroli anacheka gari linalohitaji waya kwenye baridi, huwa natamani kumtembeza kwenye maegesho ya Winnipeg mwezi wa Januari.

Viking, kampuni inayookoa magari yaliyokwama huko Norway, ilipokea maombi 34,000 ya msaada katika siku 9 za kwanza za mwaka 2024, siku za baridi ile ya Kautokeino. Asilimia 13 tu yalihusu magari ya umeme, ingawa karibu gari moja kati ya manne nchini lilikuwa la umeme. Wapenzi wa magari hayo huishika takwimu hii kama hirizi. Mimi naiona ni njema, lakini ina tobo: magari ya umeme ya Norway ni mapya zaidi kwa wastani, na gari jipya la aina yoyote hugoma mara chache kuliko gari la miaka 15. Tungoje magari hayo yazeeke ndipo tulinganishe mzee na mzee. Hata hivyo, tayari inatosha kuizima ile kauli kwamba magari ya umeme hufa yote baridi ikija. Nikiongeza jambo moja la kiufundi: mengi kati ya magari ya umeme yanayokataa kuwaka hayana tatizo kwenye betri kubwa. Nayo yana betri ndogo ya volti 12, na ikifa hiyo, kompyuta haiamki, wakati mwingine hata milango haifunguki. Kitu cha bei ndogo kabisa ndicho kinacholaza gari la dola 50,000.

Kuna hofu nyingine ninayoulizwa kila mara, nayo ni ya haki: nikinaswa kwenye theluji usiku kucha, nitaganda? Tarehe 3 na 4 Januari 2022, barabara kuu ya I-95 kule Virginia ilifungwa na theluji, na mamia ya madereva walilala humo, wengine zaidi ya saa 24. Seneta Tim Kaine alikuwa mmoja wao. Baada ya hapo watu wengi walidai kwamba kama magari yale yangekuwa ya umeme, wangekufa wote. Tupige hesabu tena. Betri ya uniti 60 iliyobaki nusu ina uniti 30. Kulifanya gari lililosimama lisiwe jokofu kunaweza kuchukua kilowati 2 hivi, joto la kukufanya usife ukiwa ndani ya koti, si la kukufanya uvue koti. Hapo una saa 15. Ukiwa umeingia safarini na betri iliyojaa, una zaidi ya siku nzima. Baridi ikiwa kali zaidi, saa zinapungua. Mwenye petroli naye anaweza kukaa saa nyingi injini ikiunguruma, na msamaria anaweza kumletea galoni kwa miguu, jambo ambalo mimi wa umeme sipewi. Lakini ekzosi yake ikizibwa na theluji, moshi unarudi ndani, na sumu iliyomo haina harufu ya kukuamsha. Hapa sioni mshindi. Namwona aliyeondoka na tangi au betri nusu siku ambayo redio ilitangaza dhoruba.

Nirudi Norway, kwa sababu watu huitaja kana kwamba Wanorway walizaliwa na chaja mkononi. Mwaka 1989 mwanamazingira Frederic Hauge, pamoja na Morten Harket na Magne Furuholmen wa bendi ya a-ha, walileta Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme, wakawa wanapita nayo kwenye vizuizi vya barabara bila kulipa ushuru. Walipigwa faini, hawakulipa. Gari likakamatwa na kupigwa mnada, nao wakalinunua tena na kuendelea. Ulikuwa utundu, lakini ulifika. Mwaka 1997 magari ya umeme yalisamehewa ushuru wa barabara. Mwaka 2001 yalisamehewa VAT, ambayo Norway ni asilimia 25. Kisha yakaruhusiwa kwenye njia za mabasi. Umeme wao karibu wote unatokana na maji, na ni wa bei nafuu. Mwaka 2024 magari ya umeme yalifika asilimia 89 ya magari mapya, na Septemba ya mwaka huo idadi ya magari ya umeme barabarani iliyapita yale ya petroli. Hiyo ni kazi ya miaka 35, yenye pesa ya serikali nyuma yake. Tena isitiwe chumvi: Januari ileile ya 2024, hapohapo Oslo, mabasi ya umeme yalizidiwa na baridi na safari nyingi zikafutwa, kwa sababu basi linafungua milango mchana kutwa na linahitaji masafa yake yote.

Lakini jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko misamaha yote ya kodi ni hili: Wanorway wengi wanachaji nyumbani. Wengi wanaishi kwenye nyumba zenye maegesho yao, na wale wa majengo ya ushirika wana sheria inayompa mkazi haki ya kuweka chaja, bodi ya jengo isiweze kumkatalia bila sababu ya msingi. Gari linalolala limechomekwa halihitaji muujiza asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri, kabla hujaamka, linaipasha betri na viti kwa umeme wa nyumba. Unaondoka na betri iliyojaa na yenye joto, hita inabaki na kazi ndogo ya kulinda joto lililokwisha kuwemo, na kituo cha haraka unakihitaji siku ya safari ndefu tu. Baridi ni ileile, kemia ni ileile.

Chicago je? Ni mji wa fleti. Gari linalala mtaani, tena kwa ugomvi: mnajua desturi ya kule, mtu akishafukua theluji mahali pa kuegesha anaweka kiti cha plastiki au ubao wa kupigia pasi, na ole wako ukiviondoa. Mji ambao watu hulindia nafasi ya gari kwa ubao wa pasi, soketi zingetoka wapi? Mwenye gari la umeme asiye na gereji pale anaishi kwa vituo vya haraka tu. Siku za kiangazi ni usumbufu wa nusu saa. Siku ile ya Januari ndiyo mliyoiona kwenye televisheni. Jimbo la Illinois lina sheria iliyoanza kutumika mwaka huohuo wa 2024, inayotaka nyumba mpya zijengwe na maegesho yaliyoandaliwa kwa ajili ya chaja. Ni sheria nzuri kwa majengo ambayo bado hayajajengwa. Mpangaji wa jengo la matofali la miaka 90 haimgusi.

Sasa nani hasa alikuwa kwenye foleni ile? Miongoni mwa waliohojiwa walikuwemo madereva wa Uber. Hilo halikutokea kwa bahati. Oktoba 2021 kampuni ya Hertz ilitangaza kuagiza magari 100,000 ya Tesla, na ikakubaliana na Uber kuwakodisha madereva sehemu ya magari hayo. Tarehe 11 Januari 2024, siku chache tu kabla ya ile foleni, Hertz hiyohiyo ilitangaza kuuza magari 20,000 ya umeme, ikilalamikia gharama za matengenezo na bei zilizoporomoka. Angalieni mpangilio: gari linalohitaji mahali pa kulala lenye soketi lilipelekwa kwa dereva aliye na uwezekano mdogo kuliko wote wa kuwa na mahali hapo. Anaendesha saa 10 au 12 kwa siku, kwa mwendo wa mjini, hita ikiwaka kwa sababu abiria atampa nyota tatu akisikia baridi. Anarudi kwenye fleti isiyo na waya. Kila hesabu niliyowapigia leo inamwangukia yeye. Mwenye nyumba ya vyumba vitano kule vitongojini, mwenye chaja ukutani, aliona habari ile kwenye runinga akashangaa tatizo liko wapi.

Kwa hiyo ndugu yangu dereva ukiniuliza, nami nimeulizwa leo kabla hata sijavua kofia, kama uchukue gari la umeme mtupu ukiwa unaishi fleti isiyo na soketi kwenye mji wa baridi kali, nitakwambia usichukue mwaka huu. Chukua haibridi, gari la petroli linalosaidiwa na betri. Nayo haiponi: kwa takwimu za serikali ya Marekani, kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri gari la petroli mjini hupoteza asilimia 15 hivi ya ufanisi wake na haibridi hupoteza zaidi ya asilimia 30. Lakini unajaza kwa dakika 5. Wapo wanaharakati watakaosema nawarudisha watu nyuma. Wao wanalaza magari yao gereji.

Kuna Waswahili wengine wanaoguswa na baridi hii bila kuwahi kuiona. Kolwezi na Likasi, huko Katanga ya zamani, watu wanaongea Kiswahili chao na wanachimba kobalti. Kongo hutoa zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Betri za magari ziko za aina kuu mbili. Moja ina nikeli, manganisi na kobalti. Nyingine ni ya chuma na fosfati, haina kobalti kabisa, ni rahisi kwa bei na inadumu, na ndiyo inayowekwa kwenye magari mengi ya bei ya chini. Kasoro yake ni hii tunayoizungumzia: baridi inaidhoofisha zaidi kuliko ile ya kobalti. Kwa hiyo mtu wa Kaskazini anayetaka gari lisiyumbe Januari anaelekea, bila kujua, kwenye betri iliyopitia mikono ya mchimbaji wa Kolwezi. Na yule asiyetaka kuguswa na dhambi za kobalti analipa kwa masafa wakati wa baridi. Mwaka 2025 kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri za sodiamu ambazo inasema zinafanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, bila lithi wala kobalti. Ikiwa kweli, mabishano haya yatabadilika, na hali ya Kolwezi pia. Mpaka NAF waziendeshe mpaka ziishiwe, madai hayo nayaweka kwenye fungu la maneno ya muuzaji.

Kwa waliokwisha kuwa na magari ya umeme, nina mawili matatu ya kazi. Chaji jioni mara tu ukitoka barabarani, betri ingali na joto lake. Ukiliacha lilale mtaani kisha ukakimbilia kituoni alfajiri, utaanza kwa kulipia joto. Ukienda kituo cha haraka, kiandike kwenye ramani ya gari lenyewe hata kama njia unaijua kwa macho yaliyofumba, kwa sababu magari mengi ya sasa hayaanzi kuipasha betri mpaka yajue yanakwenda kuchajiwa. Usifike na asilimia 5. Na usishangae asubuhi breki ya injini ikiwa laini kuliko ulivyozoea: betri baridi haiwezi kupokea umeme wote unaorudishwa wakati wa kupunguza mwendo, kwa hiyo utalazimika kukanyaga breki ya kawaida, tena juu ya barafu.

La mwisho linahusu mwenye nyumba. Kabla hujasaini mkataba wa fleti, akikwambia maegesho yana soketi, muulize ya volti ngapi. Soketi ya kawaida ya Marekani ni ya volti 120, na kwa kuchaji gari hutoa kilowati 1.4 hivi. Soketi ya sebuleni kwenu Tabora au Kisumu inatoa karibu maradufu ya hapo, jambo ambalo Wamarekani huwa hawapendi kulisikia. Kwa usiku wa saa 10 utapata uniti 14, na kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri sehemu kubwa ya hizo itaishia kuipasha betri tu. Unaweza kuamka ukakuta namba ile uliyoiacha jana. Soketi ya volti 240, ya aina wanayofungia mashine za kukaushia nguo, itakupa uniti 57 hivi kwa usiku huohuo. Mashine hizo mara nyingi ziko chini ya jengo lako, upande wa pili wa ukuta wa maegesho. Anzia hapo kumwuliza.